Habari za Soda: Ilianza Dawa, Ikawa Kinywaji cha Sikukuu

Somo la radio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa, na ndugu msimamizi wa kila darasa ameiweka radio mahali ambapo hata wale wa nyuma waweza kusikia. Juma lililopita niliwaomba mje na vitu vitatu: chupa tupu ya soda, kijiko cha chai, na kikombe cha sukari. Ikiwa darasa lenu halikupata sukari msihangaike, mchanga mkavu utatosha, maana leo hatunywi kitu. Tutapima tu. Viwekeni mezani, tutavihitaji baadaye. Kwanza nataka kuwasimulia habari.

Tazameni chupa hiyo. Hakuna kijiji nilichofika katika kazi yangu ambako chupa kama hiyo haikunitangulia. Nimefika mahali ambako kitabu hakijafika, lakini kreti ya soda ilikuwapo, imewekwa kivulini chini ya mwembe. Yafaa basi tujue kitu hiki kimetoka wapi na kimefikaje kwetu, kwa sababu mtu asiyejua asili ya mgeni wake hajui amkaribishe mpaka chumba gani.

Tuanze na jina. Neno soda tumelipata kwa Waingereza, na maana yake ya kwanza si kinywaji. Ni ile chumvichumvi ambayo sisi huiita magadi, ile ambayo akina mama huitia katika maharage ili yaive upesi. Zamani watu wa Ulaya walipotengeneza maji yenye mapovu walitia ndani yake kidogo cha dawa ya jamii hiyo, ndipo maji yakaitwa maji ya soda. Kwa hiyo jina la kinywaji chenu cha arusi na jina la Ziwa Magadi ni ndugu.

Wala msidhani kwamba kabla ya soda watu wetu walikaa na kiu. Palikuwa na madafu, maji ya ukwaju, na togwa. Katika nyumba za pwani mgeni alikaribishwa kwa sharbati, na neno hilo ni la Kiarabu, latoka katika neno la kunywa. Desturi ya kumpa mgeni kitu kitamu ni ya zamani kuliko chupa. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Palikuwa na miwa pia. Miwa asili yake ni kisiwa cha Guinea Mpya, mbali sana mashariki, na watu wa huko waliilima maelfu ya miaka iliyopita. Wahindi ndio waliojua kupika maji yake mpaka yakawa chembechembe, na neno letu sukari limetoka kwao, likapitia kwa Waarabu, likafika kwetu. Sasa fikirini tofauti ya mua na sukari. Mtu anayetafuna mua hutumia meno na taya, naye hutema makapi. Taya huchoka kabla utamu haujazidi. Lakini sukari iliyokwisha kupikwa haina makapi, na sukari iliyoyeyushwa katika maji haihitaji hata jino. Hapo ndipo shida yetu ilipoanzia, hata kama palipita karne nyingi kabla haijaonekana.

Sukari ina historia yenye machozi, nami siwezi kuiruka. Katika mwaka wa 1493 Columbus, katika safari yake ya pili, alichukua miwa akaipeleka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Kazi ya mashamba ya miwa ni ngumu mno: kukata juani, kusaga usiku, na kupika katika masufuria yenye moto mkali. Wazungu wenye mashamba hawakutaka kuifanya wenyewe. Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa katika merikebu za utumwa wavushwe bahari hiyo, na wengi wao wakapelekwa katika nchi za miwa, Brazil na visiwa vya Caribbean.

Hata upande wetu jambo hilo lilikuwapo. Katika bonde la mto Pangani, katika karne ya 19, palikuwa na mashamba makubwa ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na sukari yake iliuzwa Unguja na Arabuni. Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wadachi mwaka wa 1888, alikuwa mwenye shamba la miwa huko Pangani. Wadachi walimnyonga katika mji huo huo mwezi wa Desemba mwaka wa 1889. Watu husoma habari za ushujaa wake, na ni haki, lakini mara chache hutajwa ni nani aliyelikata shamba lake. Tuendelee.

Sasa twende Uingereza. Katika mwaka wa 1767 mchungaji mmoja, jina lake Joseph Priestley, alihamia mji wa Leeds akakaa jirani na kiwanda cha pombe. Ninyi mnaojua kutengeneza pombe mwajua kwamba inapochacha hutoa hewa, na juu ya pipa hukaa kitu kama moshi usioonekana. Priestley alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Akaning'iniza vyombo vya maji juu ya mapipa yale, na baada ya muda akayaonja. Maji yalikuwa yanachomachoma ulimi kwa namna ya kupendeza, kama yale maji ya chemchemi ambayo matajiri wa Ulaya walisafiri mbali kwenda kuyanywa wakitafuta afya. Hewa ile ndiyo ya kaboni, ambayo sisi pia tunaitoa kila tunapopumua.

Katika mwaka wa 1772 akaandika kitabu kidogo cha kuwafundisha watu namna ya kutengeneza maji hayo. Je, aliyataka yawe kinywaji cha karamu? La. Alidhani ni dawa ya kiseyeye, ugonjwa ulioua mabaharia wengi. Ufizi wao ulivimba na kuoza, meno yakaanguka, majeraha ya zamani yakafunguka. Jeshi la maji la Uingereza likamsikiliza, na mwaka ule ule mashine yake ikapewa merikebu za Kapteni Cook zilizokuwa zikienda kuizunguka dunia.

Alikosea. Maji yenye mapovu hayaponyi kiseyeye hata kidogo. Kinachoponya ni matunda na mboga mbichi. Na la kusikitisha ni kwamba miaka 25 kabla ya kitabu chake, katika mwaka wa 1747, daktari wa merikebu aitwaye James Lind alikwisha pima jambo hilo. Aliwachukua mabaharia wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, na kila kundi akalipa dawa yake. Wawili waliopewa machungwa na ndimu walipata nafuu baada ya siku chache tu. Hata hivyo serikali ya Uingereza ilingoja mpaka mwaka wa 1795 ndipo ikaagiza mabaharia wote wapewe maji ya ndimu. Watu walikufa katika miaka hiyo yote, na dawa ilikuwa ikining'inia mtini.

Nimekaa hapa kidogo kwa sababu kosa la Priestley halijafa. Hata leo twaliona. Mtu akitoa damu kumsaidia mgonjwa hupewa soda na biskuti, na watu wakiona hivyo husema, "Soda huongeza damu." Hapana, ndugu zangu. Anapewa maji na sukari ili asipate kizunguzungu njiani. Damu yenyewe huongezwa na vyakula vyenye madini ya chuma, kama vile ini, dagaa, maharage na mchicha. Mama mwenye mimba aliyepungukiwa na damu akinunuliwa soda nyekundu kila siku, mume wake amempenda, lakini hakumsaidia.

Baada ya Priestley wengine waliona fedha. Jacob Schweppe, mtengeneza saa mzaliwa wa Ujerumani, alianza kuuza maji ya mapovu huko Geneva mwaka wa 1783, kisha akahamia London mwaka wa 1792. Polepole watu wakaanza kutia ndani yake ndimu, tangawizi, na sukari. Sukari ilikuwa imekwisha kuwa rahisi, na mmekwisha sikia ni kwa nini ilikuwa rahisi.

Shida ilikuwa kizibo. Hewa ile hutaka kutoka, na kizibo cha kawaida hurushwa kama risasi. Mwingereza mmoja, Hiram Codd, mwaka wa 1872 alibuni chupa yenye gololi ya kioo shingoni. Mapovu yenyewe yaliisukuma gololi juu ikaziba mdomo. Watoto walizivunja chupa hizo wapate gololi, na nadhani wa kwetu wangefanya vivyo hivyo. Katika nchi ya India soda ya namna hiyo huuzwa mpaka leo. Lakini kilichoshinda ni kile kifuniko cha bati chenye meno pembeni, alichokibuni William Painter wa Baltimore, Marekani, mwaka wa 1892. Kama chupa yenu bado ina kifuniko chake, kitazameni. Kitu kidogo hicho ndicho kilichoiwezesha soda kupanda gari, kupanda punda, na kufika chini ya mwembe wenu.

Miaka sita kabla ya kifuniko hicho, katika mji wa Atlanta, palikuwa na mtengenezaji wa dawa aitwaye John Pemberton. Alikuwa amejeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na akazoea mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu ambayo humfunga mtu. Alitafuta kitu cha kuchukua mahali pake. Mwaka wa 1886 alipika maji mazito matamu, yakachanganywa na maji ya mapovu, yakauzwa senti 5 bilauri katika duka la dawa. Yaliitwa Coca-Cola, na yalisifiwa kuwa yanaondoa maumivu ya kichwa na uchovu. Siku zile yalikuwa na kitu cha majani ya koka, ambacho kiliondolewa baadaye. Pemberton alikufa mwaka wa 1888 bila kuuona utajiri wake.

Mwaona basi kwamba kwa mara ya pili kinywaji hiki kimeingia duniani kwa mlango wa duka la dawa. Hata Pepsi, mtengenezaji wake Caleb Bradham alikuwa mwuza dawa vilevile. Mwaka wa 1899 mwenye Coca-Cola, Asa Candler, aliuza haki ya kuitia katika chupa kwa dola moja tu. Hakuamini kama watu wangependa kuinywa kutoka chupani. Kinywaji kilifika Kenya mwaka wa 1948, na baada ya hapo kikaenea katika nchi zetu pamoja na machungwa ya chupa na tangawizi ya chupa, ambayo huku kwetu imependwa kuliko huko ilikozaliwa.

Haya. Sasa shikeni kijiko, maana chupa yenyewe itatusimulia sehemu inayofuata.

Kijiko kimoja cha chai, kikisawazishwa juu kisiwe na kilima, huchukua karibu gramu 4 za sukari. Na soda za kola zenye sukari kamili zina karibu gramu 10 au 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya Coca-Cola ya zamani, ile iliyouzwa Marekani tangu mwaka wa 1916, ilikuwa ndogo: haikufika mililita 200. Sukari yake ilikuwa gramu 20 hivi. Toeni vijiko vitano, muweke juu ya karatasi.

Katika miaka ya 1930 Pepsi, wakitaka kuwanyang'anya wenzao wanunuzi, walitoa chupa ya karibu mililita 355 kwa senti 5 zile zile. Mnunuzi maskini alifurahi, na nani angemlaumu? Mwaka wa 1955 Coca-Cola nao wakatoa chupa kubwa. Someni sasa namba iliyo katika chupa yenu. Ikiwa ni 350, hesabuni vijiko tisa. Ikiwa ni chupa ya plastiki ya 500, hesabuni kumi na tatu.

Nilifanya hesabu hii mwaka jana mbele ya darasa moja la watu wazima. Kwenye kijiko cha tano walicheka. Kwenye cha saba mzee mmoja akasema, "Mwalimu, sasa unatutania." Kwenye cha tisa palikuwa kimya. Kisha mama mmoja akasema, "Mimi nikitia vijiko vitatu katika chai, binti yangu hunigombeza. Mbona chupa haigombezwi?" Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nilirudi nyumbani nikaanza kuandika somo hili.

Kwa nini chupa haikugombezwa? Jibu mojawapo ni kwamba wenye mali hawakupenda igombezwe. Katika miaka ya 1960 wataalamu watatu wa chuo kikuu cha Harvard walilipwa dola 6,500 na chama cha wafanya biashara ya sukari wa Marekani waandike juu ya ugonjwa wa moyo. Maandishi yao yalitoka mwaka wa 1967, yakayatupa makosa juu ya mafuta, na sukari wakaipitia kwa upole. Aliyelipa hakutajwa. Barua za mapatano hayo zilifichuliwa mwaka wa 2016, nao wote walikwisha kufa. Sisemi kwamba mafuta hayana hatia. Nasema kwamba msomaji anayo haki ya kujua ni nani aliyenunua kalamu.

Habari nyingine ni ya Sweden, nayo ni nzito. Huko Lund palikuwa na hospitali iitwayo Vipeholm, ya watu waliozaliwa na upungufu mkubwa wa akili. Baada ya mwaka wa 1945 serikali ilitaka kujua ni nini kinachoozesha meno. Wagonjwa wale, ambao hawakuweza kukubali wala kukataa, walilishwa sukari kwa namna mbalimbali, na baadhi yao walipewa tofi zinazonata, tena na tena, kati ya mlo na mlo. Meno yao yakaharibika vibaya. Sehemu ya gharama ilitoka kwa wafanya biashara wa sukari na peremende. Ulikuwa udhalimu, na leo Waswidi wenyewe wanasema hivyo.

Lakini matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 1954 ni ya kweli, na kwa kuwa watu wale waliyalipia kwa meno yao, itakuwa dhambi juu ya dhambi tusipoyatumia. Yalionyesha ya kuwa sukari inayoliwa pamoja na chakula huharibu meno kidogo. Inayoharibu sana ni ile inayoonjwa mara nyingi mchana kutwa. Baadaye wazazi wa Sweden wakashauriwa kuwapa watoto peremende siku moja tu kwa juma, yaani Jumamosi, na desturi hiyo ipo mpaka sasa. Linganisheni na dereva anayeweka chupa kubwa kando ya usukani na kumeza funda moja kila baada ya nusu saa toka Dodoma mpaka Mwanza. Meno yake hayapati hata saa moja ya kupumzika. Ni heri angekunywa chupa ndogo mara moja, pamoja na chakula chake cha mchana, kisha njiani akanywa maji.

Na ya tatu ni ya Uingereza tena. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia sukari iligawiwa kwa kipimo, tangu mwaka wa 1940, na mgawo huo ulikwisha mwezi wa Septemba mwaka wa 1953. Mara watu wakala sukari karibu maradufu. Mwaka wa 2024 wataalamu walitoa habari za watu wapatao elfu 60 waliozaliwa miaka ile, baadhi kabla ya mgawo kwisha, na baadhi baada yake. Wale waliokuwa tumboni mwa mama zao na wakaanza kutambaa wakati sukari ilipokuwa haba, walipofika uzee walipata ugonjwa wa kisukari pungufu kwa asilimia 35 hivi kuliko wenzao. Shinikizo la damu nalo lilipungua kwa asilimia 20 hivi. Ninyi akina mama wenye watoto wachanga, msikilize hapo: miaka miwili ya kwanza. Soda katika chupa ya kunyonyea si kubembeleza mtoto.

Niwaambie kwa ufupi kinachotendeka mwilini. Sukari ikiingia katika damu, kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama funguo za kuifungulia sukari milango ya mwili. Sukari ya kunywa huingia upesi na kwa wingi, wala haishibishi. Mtu aliyekunywa vijiko tisa bado atakula ubwabwa wake wote. Yasiyotumika hugeuka mafuta, na mwisho, kwa watu wengi, milango huwa mizito kufunguka.

Mjomba wangu alikuwa na ugonjwa huo. Alilazwa hospitali kwa kidonda cha mguu kisichopona. Nilipokwenda kumtazama niliona chini ya kitanda chake chupa 14 za soda, tena nilizihesabu. Zililetwa na ndugu, majirani, na watu wa msikiti wake. Kila aliyekuja alileta, maana ni aibu kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu. Naye alizinywa ili asiwavunje moyo. Hakuna mtu katika wodi ile aliyetuambia neno, na mimi mwenye diploma yangu nililetea mbili. Mguu ulikatwa chini ya goti. Sisemi kwamba soda ndiyo iliyoukata, kwa maana kisukari chake kilikuwa cha miaka mingi. Lakini tangu siku ile nikienda kwa mgonjwa nachukua maji, au papai, au mayai ya kuchemsha, na kwanza nauliza anaugua nini.

Lipo jambo moja ambalo ni kinyume chake. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge, akikosa chakula, huweza kutetemeka, kutoka jasho, na kusema ovyo. Sukari yake imeshuka mno. Huyo, maadamu anaweza kumeza, mpeni upesi nusu ya chupa ya soda yenye sukari, na mwiteni mganga. Akiwa amezimia msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali. Hapo tu ndipo soda inapokuwa dawa kweli. Kwa mtoto anayeharisha si dawa. Sukari yake imezidi na huweza kumharisha zaidi. Huyo apewe maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti kutoka zahanati.

Basi je, tuiache kabisa? Mimi siachi, na sitawadanganya. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi sehemu ya kumi ya nguvu za chakula chetu cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 50 hivi, yaani vijiko 12, na ikiwa nusu yake ni bora zaidi. Mtoto kipimo chake ni kidogo kuliko hicho. Sasa toeni hesabu. Ukinywa chupa ya 350 umetumia vijiko tisa. Vimebaki vitatu, na hivyo ni vya chai, maandazi, na kila kitu kingine mpaka ulale. Kwa hiyo siku ya soda ni siku ya chai ya rangi isiyo na sukari. Anayetaka vyote viwili kila siku hesabu yake haikubali, hata akiwa amesoma Makerere.

Nyumbani kwangu soda ni ya Idi, ya Krismasi ya majirani, na ya arusi, kama ilivyokuwa nilipokuwa mtoto, tulipogawana chupa moja watoto watatu na kugombana juu ya funda la mwisho. Siku nyingine ni maji, na dafu likipatikana.

Na yule mama wa darasa langu aliniuliza swali la pili, ambalo najua mnalo: "Mgeni akija nikampa maji, si atasema nimemnyima?" Ndiyo maana niliwaomba mkumbuke sharbati. Nilimwambia achemshe ukwaju au rozela, atie sukari kidogo aliyoipima yeye mwenyewe kwa kijiko chake, aitie katika bilauri safi juu ya sinia. Alijaribu. Aliporudi akaniambia kwamba wifi yake alikunywa bilauri mbili, kisha akauliza soda iko wapi. Darasa zima lilicheka, na yeye alicheka kuliko wote. Sasa wifi hupewa chupa moja, na watoto hawamsaidii kuimaliza.

Kazi ya juma hili ni ya kusoma. Tafuteni chupa au boksi lolote la kinywaji kitamu, hata lile lenye picha ya maembe. Nyuma yake pana jedwali lenye herufi ndogo. Tafuteni mstari wa sukari. Mara nyingi umeandikwa kwa Kiingereza, na neno lake huanza na herufi S. Mbele yake pana namba, kisha herufi g, ambayo ni gramu. Angalieni kama namba hiyo ni ya chupa nzima au ya mililita 100 tu, kwa sababu wengi hukosea hapo. Ikiwa ni ya 100 na chupa ni ya 500, zidisheni kwa tano. Kisha gawanyeni kwa nne, mpate vijiko. Andikeni jina la kinywaji na idadi ya vijiko katika daftari zenu, na msimamizi ataziandika zote ubaoni.

Sukari mliyopima irudisheni kwa mwenyewe, na kama ni mchanga umwageni nje. Tutaonana tena juma lijalo saa hii hii, na somo letu litakuwa juu ya chumvi. Kwaherini.